Ndege za Gurudumu la Mkiani na Mafunzo Yake Nairobi

Ndege ya gurudumu la mkiani ina magurudumu makubwa mawili mbele, chini ya mabawa, na kigurudumu kimoja kidogo nyuma kabisa, chini ya mkia. Ikisimama, pua yake hutazama juu na mkia wake hukaa karibu na ardhi. Ndivyo zilivyoundwa ndege nyingi mno tangu miaka ya mwanzo ya urubani hadi Vita vya Pili vya Dunia. Ndege nyingi za kufundishia zinazoonekana leo katika uwanja wa Wilson, Nairobi, kama vile Cessna 152 na Cessna 172, ni za mtindo ulioenea baadaye, ambao gurudumu la tatu liko mbele chini ya pua. Mwanafunzi anayehitimu kwa ndege hizo hupata leseni halali na anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kujua kuitua ndege ya gurudumu la mkiani. Akikabidhiwa moja bila mafunzo, ni rahisi aivunje siku hiyo hiyo, tena baada ya kutua, wakati anapodhani safari imekwisha.

Chanzo cha ugumu huo ni mahali kilipo kitovu cha uzito. Katika ndege ya gurudumu la mbele, kitovu hicho kiko mbele ya magurudumu makuu. Ikigusa chini imekaa upande kidogo, uzito wake wenyewe huivuta pua irudi kwenye mstari. Katika ndege ya gurudumu la mkiani, kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu, na mkia ukishaanza kwenda upande mmoja, uzito huzidi kuusukuma huko huko. Mkokoteni unaovutwa hunyooka wenyewe nyuma ya mvutaji, lakini ukisukumwa kwa nyuma kwenye mteremko hutaka kugeuka ubavu. Mpindo wa nyuzi chache tu usiporekebishwa mara moja huongezeka mpaka mkia unataka kuipita pua. Hapo ndege huzunguka ghafla ardhini, bawa la upande wa nje huinama na kuparuza njia, mguu wa gurudumu huweza kuvunjika, na pangaboi hujipiga chini. Ni nadra watu kuumia vibaya katika ajali ya namna hii, ila gharama ya matengenezo ni kubwa, hasa injini ikilazimika kufunguliwa kukaguliwa kwa sababu pangaboi limegonga ardhi.

Dawa yake iko miguuni. Pedali mbili zilizo mbele ya rubani huongoza usukani wa mkia, na kwa ndege hii miguu haipumziki tangu injini inapowashwa hadi inapozimwa. Rubani aliyezoea gurudumu la mbele huwa na miguu mivivu, kwa kuwa ndege yake humsamehe. Sehemu kubwa ya mafunzo ni kuiamsha miguu hiyo.

Nairobi ilijifunza kuruka kwa ndege za aina hii. Ndege ya kwanza kusajiliwa Kenya ilikuwa de Havilland DH.51 iliyoletwa na mlowezi John Carberry. Ilisafirishwa kwa meli hadi Mombasa mwaka 1925, ikasajiliwa rasmi mwaka 1928, na watu wakaiita Miss Kenya. Ingali hai: imetunzwa Uingereza katika mkusanyiko wa ndege za kale wa Shuttleworth. Klabu ya urubani ya Afrika Mashariki, Aero Club of East Africa, iliundwa mwaka 1927, na hadi leo makao yake yako Wilson. Maia Carberry, mkewe John, alikuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo wa urubani mjini. Alifariki Machi 1928 akiwa angali kijana, pamoja na mwanafunzi wake, ndege yao ilipoanguka wakati wa somo. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways kwa ndege moja ndogo ya Gipsy Moth. Uwanja wa Nairobi West ulipewa jina lake mwaka 1962, na ndio huo ulioko kando ya Barabara ya Lang'ata.

Rubani mkuu wa Wilson Airways, Tom Campbell Black, ndiye aliyemfundisha Beryl Markham. Markham alilelewa Kenya na baadaye akapata leseni ya kurusha ndege za biashara. Kati ya kazi zake ilikuwa kutafuta tembo kutoka angani kwa niaba ya wawindaji matajiri. Usiku wa tarehe 4 Septemba 1936 alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, akiwa peke yake ndani ya Percival Vega Gull, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi na kuangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada, baada ya saa zaidi ya 20 angani. Alitoka hai. Siku chache baadaye, tarehe 19 Septemba, mwalimu wake alifariki Liverpool bila hata kuacha ardhi. Campbell Black, ambaye mwaka 1934 alikuwa ameshinda mashindano ya kutoka Uingereza hadi Melbourne pamoja na C. W. A. Scott, alikuwa akitembeza ndege yake uwanjani wakati ndege ya kijeshi iliyokuwa imetoka kutua ilipomparamia. Zote mbili zilikuwa za mkia chini na pua juu. Rubani wa ndege kama hizo, akiwa ardhini, haoni kilicho mbele yake moja kwa moja, na ndiyo maana somo la kwanza katika ndege ya gurudumu la mkiani halihusu kuruka hata kidogo.

Somo hilo ni kutembea ardhini. Pua imeinuka mbele ya macho kama ukuta, kwa hiyo rubani huiendesha ndege kwa kupinda kidogo kushoto, kisha kulia, akichungulia upande mmoja baada ya mwingine. Wilson ni uwanja wenye shughuli nyingi: ndege za watalii za kwenda Maasai Mara, ndege za madaktari, helikopta, magari ya mafuta na mafundi wanaovuka kwa miguu. Kupinda huko ni wajibu hata pale ambapo anayesubiri nyuma ana haraka. Mwanafunzi hufundishwa pia kuishika fimbo ya kuongozea kulingana na upepo. Upepo ukitoka mbele, fimbo huvutwa nyuma ili mkia ukae chini. Ukitoka nyuma, husukumwa mbele ili upepo usiingie chini ya mkia na kuuinua. Breki hutumiwa kwa kugusa tu. Anayezikanyaga kwa nguvu huweza kuibinua ndege ikasimama kwa pua.

Kupaa huanza kwa kuongeza nguvu ya injini polepole, na hapo pua huanza kuvutwa upande. Kwa injini za Kimarekani, ambazo pangaboi huzunguka kufuata mwendo wa saa likitazamwa kutoka kiti cha rubani, mvuto huo ni wa kushoto. Sababu zake ni kadhaa na huja pamoja: upepo wa pangaboi huzunguka mwili wa ndege na kuupiga mkia ubavuni, injini inapolizungusha pangaboi, ndege nayo hutaka kulala upande wa pili na kulemeza gurudumu la kushoto, na kwa kuwa pua imeinuka, upanga unaoshuka kulia huvuta hewa zaidi ya ule unaopanda kushoto. Mkia unapoinuka, sababu nyingine hujitokeza. Kitu chochote kinachozunguka kwa kasi hukataa kuinamishwa, na nguvu ya kukiinamisha hutokea upande mwingine. Pangaboi linapoinamishwa mbele, pua hurushwa kushoto kwa ghafla. Mguu wa kulia lazima uwe tayari kabla ya tukio hilo, si baada yake. Katika ndege za Kiingereza zenye injini ya Gipsy Major, kama Tiger Moth, pangaboi huzunguka kinyume na mvuto huwa wa kulia, na rubani anayehama kutoka aina moja kwenda nyingine hana budi kujikumbusha hilo kabla ya kuwasha injini.

Angani, tofauti ni ndogo. Ndege haijui gurudumu lake la tatu liko wapi. Ila nyingi za ndege hizi ni za miundo ya zamani, na zikipinda hutaka mkono na mguu vifanye kazi pamoja, la sivyo huteleza ubavu.

Kutua ndiko kunakochukua saa nyingi zaidi, na hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutua kwa magurudumu matatu kwa pamoja. Ndege hushushwa hadi karibu na ardhi, nguvu ya injini hupunguzwa, kisha rubani huivuta fimbo nyuma kidogo kidogo, akiizuia isiguse, mpaka mabawa yanaposhindwa kuibeba. Fimbo ikifika tumboni, ndege iwe imekaa vile vile inavyokaa ikiwa imeegeshwa, na magurudumu yote matatu yaguse kwa wakati mmoja. Macho hayawezi kutazama mbele wakati huo kwa sababu pua imeziba. Rubani hutumia kingo za njia pande zote mbili, akizisoma kwa pembe za macho, kujua kama ananyooka na kama bado yuko juu.

Kosa la kawaida ni kugusa mapema kwa magurudumu makuu mawili, ndege ikiwa bado ina mwendo. Kwa kuwa kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu hayo, mkia hushuka, mabawa hupata pembe kubwa zaidi, na ndege huruka tena. Mwanafunzi huisukuma fimbo mbele kwa hofu, ndege hugonga chini, hudunda juu zaidi, na mdundo wa tatu huwa ndio wa kuvunja miguu ya magurudumu. Walimu wazuri hurudia agizo moja: ikidunda vibaya, ongeza nguvu ya injini, paa, zunguka uje upya. Hakuna aibu katika kuzunguka.

Njia ya pili ni kutua kwa magurudumu makuu tu, mkia ukiwa juu. Ndege huja na mwendo zaidi kidogo, na mara magurudumu yanapogusa kwa wepesi rubani husukuma fimbo mbele kiasi, ili kupunguza pembe ya mabawa na kuibana ndege chini. Kwa mtu ambaye tangu somo lake la kwanza ameambiwa avute fimbo anapotua, kusukuma ardhini huonekana wazimu, na wengi huhitaji kukariri kitendo hicho mara nyingi kabla mkono haujakubali. Faida yake ni kuona mbele vizuri na kuwa na usukani wenye nguvu wakati upepo ni mkali. Hasara yake ni kwamba mkia utalazimika kushuka baadaye, mwendo ukipungua na usukani ukipoteza nguvu, na hapo ndipo ndege nyingi hugeuka. Marubani hubishana bila mwisho njia ipi ni bora. Jibu la maana ni kwamba asiyezijua zote mbili hajamaliza mafunzo.

Upepo wa kutoka ubavuni huongeza kazi. Wilson ina njia mbili zinazokatana kwa pembe, moja ikielekea 07 na 25 kwa nambari za dira na nyingine 14 na 32, na upepo wa Nairobi kwa kawaida hutoka pande za mashariki. Anayetua 07 hujia kutoka upande wa Karen na Lang'ata. Anayetua 14 hujia kutoka kaskazini-magharibi, upande wa Kibera. Kuwa na njia mbili ni neema, kwani rubani huweza kuomba ile inayoelekea zaidi kwenye upepo. Asubuhi hewa huwa tulivu. Jua likipanda, mitikisiko huanza, na saa za mchana upepo huja kwa misukosuko. Mwanafunzi anayeanza anafaa kufika uwanjani mapema.

Jambo linalotofautisha mafunzo ya Nairobi na ya nchi za pwani au za Ulaya ni mwinuko. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye joto la nyuzi 27, hewa ya hapo ni nyepesi kiasi kwamba ndege hujihisi iko kwenye mwinuko wa mita 2,500 hivi. Kipima-mwendo cha ndege hufanya kazi kwa msukumo wa hewa, kwa hiyo kikionyesha kilomita 80 kwa saa, mwendo halisi ni karibu kilomita 90. Rubani hutua kwa nambari zile zile anazoziona kwenye kipimo, lakini magurudumu hugusa ardhi yakienda kwa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 13. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, na hivyo nishati itakayoizungusha ndege, mkia ukiponyoka, huzidi kwa zaidi ya robo. Ndege huenda mbali zaidi kabla ya kusimama, na muda wa kuwa makini huwa mrefu. Injini isiyo na kifaa cha kushindilia hewa nayo hupoteza karibu robo ya nguvu zake, kwa hiyo anayeamua kupaa tena baada ya mdundo mbaya asitegemee kuinuka upesi kama vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Marekani vinavyoeleza. Haya yote huhesabika kabla ya kuruka, na mwalimu wa Nairobi asiyeyahesabu pamoja na mwanafunzi wake anamnyima somo lililo muhimu kuliko yote.

Aina ya ardhi ina maana pia. Lami hushika matairi, kwa hiyo ndege iliyotua imepinda huvutwa kwa nguvu mara inapogusa. Nyasi na murram huruhusu tairi kuteleza kidogo na kusamehe kosa dogo. Ndiyo sababu wapenzi wa ndege hizi wanaoishi Nairobi huvutiwa na viwanja visivyo na lami vilivyo nje ya jiji, upande wa Kajiado. Aliyejifunzia kwenye nyasi peke yake asidhani yuko tayari kwa lami ya Wilson.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mtu ahangaike na mtindo huu wakati gurudumu la mbele ni rahisi zaidi. Jibu liko mbugani. Gurudumu la mbele na mguu wake ni sehemu dhaifu. Likiingia kwenye shimo la muhanga au kugonga jiwe lililofichwa na nyasi, hukunjika, na pangaboi lililo karibu na ardhi huvunjika nalo. Ndege ya gurudumu la mkiani haina mguu huo, pangaboi lake liko juu, na inaweza kuvishwa matairi mapana. Piper Super Cub, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1949, hubeba watu wawili, mmoja nyuma ya mwingine, na huweza kuruka polepole kiasi cha rubani kuhesabu wanyama mmoja mmoja chini yake.

Kwa sababu hiyo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, KWS, limeitegemea Super Cub kwa miaka mingi katika kikosi chake cha ndege, ambacho kituo chake kiko Wilson. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na hakuna idadi ya magari inayoweza kuzikagua zote. Rubani huona tembo aliyejeruhiwa, kambi ya majangili, mzoga ambao pembe zimeng'olewa au ndama aliyebaki peke yake, kisha huwaita askari walio ardhini kwa redio. Wakfu wa Sheldrick hurusha ndege za aina hiyo hiyo Tsavo. Wageni wanaofurika katika kituo chake cha tembo yatima, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, hutazama kazi ambayo sehemu yake huanzia angani. Zamani Markham aliwatafuta tembo ili wapigwe risasi. Leo ndege za mtindo ule ule huwatafuta ili waishi, na hili ni badiliko la kushukuriwa.

Kazi hiyo ina hatari zake. Rubani wa doria huruka chini, polepole, akigeuka mara kwa mara huku macho yake yakiwa ardhini, na kisha hutua kwenye kijia kilichokwanguliwa kichakani, upepo ukitoka popote. Kwa hiyo KWS iliwahi kuwaleta walimu kutoka nje kuwanoa marubani wake, akiwemo Patty Wagstaff, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa michezo ya angani nchini kwake mara tatu mfululizo, mwaka 1991, 1992 na 1993. Mafunzo hayo yalilenga namna ya kujinasua ndege inapopoteza nguvu ya kuelea na namna ya kutua kwa usahihi. Marubani waliofunzwa walikuwa watu wenye uzoefu tayari. Walirudishwa darasani kwa sababu ustadi huu hufifia usipotumiwa.

Kwa anayetaka kuanza, leseni ya rubani wa ndege binafsi chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya hudai umri usiopungua miaka 17, cheti cha afya, mitihani ya nadharia na angalau saa 40 za kuruka. Mwenye leseni hiyo huhitaji kwa kawaida saa tano hadi kumi pamoja na mwalimu ili aizoee ndege ya gurudumu la mkiani, ingawa idadi ya saa si kipimo. Nchini Marekani sheria haitaji saa zozote. Hutaka mwalimu atie sahihi kwamba mwanafunzi anaweza kupaa na kutua kwa njia zote, upepo wa ubavuni ukiwemo, na kwamba anajua kuzunguka aje upya. Huo ni utaratibu mzuri, mradi mwalimu awe mkali na asisukumwe na ada.

Mwanafunzi wa Kenya anayetamani kazi ya doria mbugani asisubiri mwajiri amfundishe. Atafute mapema mwalimu mzoefu wa ndege hizi, aanze asubuhi hewa ikiwa tulivu, ajifunze njia zote mbili za kutua, kisha arudi makusudi siku yenye upepo wa ubavuni akiwa na mwalimu wake. Na akishahitimu, asiiache ndege muda mrefu. Sheria ya Marekani humtaka rubani wa ndege hizi awe amepaa na kutua hadi kusimama kabisa mara tatu ndani ya siku 90 kabla hajabeba abiria. Kwa hewa nyepesi ya Nairobi, mara tatu ni chache.